Waliishije na Upepo Ule? Jibu kwa Msomaji wa Cedar Rapids

Msomaji mmoja anayeishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ameniandikia hivi: "Nilikuja huku na watoto wangu nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo uling'oa paa la jengo tulilokuwa tukiishi, tukalala nje siku kadhaa. Pamoja na hayo yote, hadi leo upepo mkubwa ukianza kuvuma mimi hutoka barazani kuutazama. Moyo hunidunda, nasikia raha nisiyoweza kuieleza, na mwanangu mkubwa hunigombeza kwamba nimepata wazimu. Kila mara hujiuliza: wale Wazungu wa kwanza waliokuja kulima hapa, bila king'ora, bila simu, bila nyumba ya maana, waliustahimili vipi upepo huu? Na je, raha yangu hii ni kosa?"

Dada yangu, pole kwanza kwa yaliyokufika. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimeona nianze na lile uliloliuliza mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokukera zaidi. Hapana, si kosa. Mwili wa binadamu ukikutana na nguvu kubwa kuliko yeye hutoa adrenalini, moyo ukaenda mbio, masikio yakafunguka, ngozi ikasisimka; na kama wakati huohuo akili inajua kwamba njia ya kurudi ndani ipo, msisimko ule hugeuka kuwa raha. Kama njia hiyo haipo, msisimko uleule huitwa hofu. Wewe umeyaonja yote mawili mahali pamoja, wala sishangai kwamba yanakuchanganya.

Tena si wewe peke yako. Mwezi Desemba mwaka 1874, katika milima ya Sierra Nevada huko California, John Muir, mtu aliyetumia maisha yake kuipigania misitu ya Marekani, alitoka nje makusudi dhoruba ilipoanza, akachagua mti mrefu wa jamii ya misonobari wenye urefu wa mita 30 hivi, akaupanda hadi kileleni na kukaa huko saa kadhaa akiyumbishwa na upepo. Mara nyingine alifumba macho ili aisikie miti inavyoimba na anuse harufu iliyoletwa kutoka mbali. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba Muir alikuwa mtoto wa walowezi. Alizaliwa Dunbar, Scotland, mwaka 1838, akaletwa Wisconsin akiwa na miaka 11, na ujana wake aliumalizia kwenye shamba ambalo baba yake alilifyeka kutoka porini. Mtu huyo hakuwa mgeni wa mjini aliyeuona upepo kupitia kioo. Na ukiitazama dhoruba yake vizuri utaona kwamba alichagua mti mchanga, unaopindika bila kuvunjika, uliosimama katikati ya wenzake, na alishuka alipotaka mwenyewe. Hapo ndipo tofauti yake na mkulima wa Iowa inapoanzia, maana mkulima hakuwa na mahali pa kushuka.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Watu wengi huita kila upepo mkali kimbunga, lakini uliokupiga wewe haukuwa ukizunguka kama pia. Ulikuwa ukienda mbele moja kwa moja, na jina lake la kitaalamu ni derecho, neno la Kihispania lenye maana ya "iliyonyooka". Jina hilo lilitolewa hapohapo Iowa. Gustavus Hinrichs, profesa katika Chuo Kikuu cha Iowa, alianzisha mwaka 1875 huduma ya hali ya hewa ya jimbo, akitegemea watu wa kujitolea waliokuwa wakimwandikia kutoka vijijini. Baada ya dhoruba ya tarehe 31 Julai 1877 aliona kwamba miti na mazao yaliyoanguka yalilala kwa mpangilio ambao kimbunga cha kuzunguka hakiwezi kuuacha, na mwaka 1888 akachapisha jina lake hilo. Kisha neno likasahaulika karibu miaka 100, hadi wataalamu walipolifufua mwaka 1987.

Chanzo chake unakijua tangu nyumbani, ila kwa kipimo kidogo. Kumbuka Kigoma wakati wa masika: kabla tone la kwanza halijaanguka, upepo wa baridi huja mbio, huinua vumbi uwanjani, na akina mama hukimbilia nguo zilizoanikwa. Upepo ule ni hewa iliyopozwa na mvua huko juu, ikawa nzito, ikaanguka chini na kutawanyika pande zote. Katika derecho mawingu ya radi hujipanga mstari mmoja, na hewa nzito inayoanguka kutoka kwenye mstari huo huisukuma juu hewa ya joto na unyevu iliyo mbele yake, mawingu mapya yakazaliwa hapo, nayo yakaangusha hewa nyingine. Dhoruba ikawa inajilisha yenyewe huku inakwenda. Ya mwaka 2020 ilianzia asubuhi karibu na mpaka wa South Dakota na Nebraska, ikafika kwenu baada ya saa sita mchana, na ilipokata pumzi huko Ohio ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa muda wa saa 14 hivi. Iowa imekaa vibaya kwa jambo hili, kwa kuwa hewa yenye unyevu wa Ghuba ya Meksiko hupanda kutoka kusini, hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada, na katikati hakuna mlima wa kuzitenganisha.

Wataalamu waliokagua mabaki ya majengo ya ghorofa kusini-magharibi mwa mji wako walikadiria kwamba huko upepo ulifikia kilomita 225 kwa saa. Ili uuelewe mwendo huo, jua kwamba nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa, ule unaokufanya ushike kanga kwa mikono miwili na kucheka, huukandamiza ukuta kwa uzito wa kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 225 huukandamiza kwa kilo 240. Mlango wako wa mbele, wenye ukubwa wa mita mbili za mraba hivi, ulisukumwa siku ile kwa karibu nusu tani, na katika mji wenu upepo wa hatari ulidumu zaidi ya nusu saa. Kati ya upepo unaoupenda na upepo uliokung'olea paa pana hatua fupi kuliko macho yanavyodhani.

Walowezi walikutana na upepo huo tangu tarehe 1 Juni 1833, serikali ya Marekani ilipowaruhusu kuingia katika ardhi iliyochukuliwa baada ya vita kutoka kwa wenyeji wake wa asili, Wasauk na Wameskwaki. Walipoingia hawakuenda kwenye mbuga zilizo wazi. Walijibana kando ya mito, kwenye miti, na kwa muda mrefu waliiogopa nyika ya majani marefu, ambayo katika mwezi wa Septemba yaliweza kumzidi kimo mtu mzima. Wengi husema waliifuata miti kwa ajili ya kuni na mbao tu. Mimi naamini kinga dhidi ya upepo ilikuwa na uzito sawa na kuni, maana mtu aliyelala usiku mmoja tu katika gari la kukokotwa na maksai nyikani hakuhitaji kufundishwa faida ya msitu.

Nyumba zao za kwanza zilikuwa za magogo. Waliyachonga pembeni yakashikana kama vidole vya mikono miwili, wakaziba nafasi kwa udongo uliochanganywa na majani, na mara nyingi hawakuwa na misumari ya kutosha kwa ajili ya paa. Basi walizipanga mbao zilizopasuliwa kwa shoka, kisha wakazilaza juu yake nguzo nzito za kuzikandamiza. Wewe umekwisha kuliona jambo hilo, kwani ukipita vijiji vingi vya Afrika Mashariki utaona mawe na matairi juu ya mabati, kwa sababu ileile. Nyumba ya namna hiyo ilivuja, iliingiza theluji kwenye mianya, ilikuwa na giza, lakini ilikuwa nzito na fupi, na upepo haukuwa na mahali pa kuishika.

Ardhi ya kando ya mito ilipokwisha, waliofuata walilazimika kuingia nyikani, na sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ekari 160 kwa mtu atakayekaa na kulima kwa miaka mitano iliwavuta mbali zaidi, hadi kaskazini-magharibi mwa Iowa, Nebraska, Kansas na Dakota. Huko hapakuwa na mti wa kukata. Walijengea ardhi yenyewe. Walitumia plau maalumu iliyokata udongo wa juu katika ukanda mrefu wenye upana wa sentimita 30 hivi na unene wa sentimita 10, wakaukatakata kwa jembe la sepeto kuwa mapande, kila pande likiwa limeshikwa na mizizi ya nyasi iliyosokotana kiasi kwamba unaweza kulibeba mikononi bila kumeguka. Waliyapanga mapande hayo majani yakiangalia chini, viungo vikipishana, mistari miwili au mitatu kwa unene, na mizizi ikaendelea kushikana ndani ya ukuta. Nyumba ya chumba kimoja, futi 16 kwa 20, ilikuwa na uzito wa tani 90 hivi. Hakuna upepo unaosafiri na kitu kama hicho.

Nimewahi kuingia katika nyumba ya namna hiyo iliyohifadhiwa Nebraska. Nje ilikuwa siku ya upepo wa kawaida wa huko, nami nilitembea nimeinamisha kichwa na mkono mmoja juu ya kofia. Nilipoufunga mlango, upepo ulikatika ghafla. Nilisikia saa yangu ya mkononi ikipiga. Kizingiti cha dirisha kilikuwa na kina cha kutosha mtoto kukaa ndani yake na kukunja miguu, na chini ya paa, mama mwenye nyumba wa zamani hizo alikuwa ametandaza kitambaa cheupe chepesi, kimefungwa pembe nne, ili kiudake mchanga, panya na wakati mwingine nyoka walioanguka kutoka juu. Niliweka kiganja ukutani, kikawa baridi na chenye unyevu kidogo, kama mtungi. Wewe uliyeishi kwenye nyumba ya matofali mabichi kule Nyarugusu nadhani unaufahamu ukimya huo bila mimi kuueleza.

Hapa panataka kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba kila nyumba mpya ni salama kuliko ya zamani. Kwa hawa watu mambo yalikwenda kinyume. Reli iliingia Cedar Rapids mwaka 1859, ikaleta mbao zilizopasuliwa kiwandani na misumari ya bei nafuu, na kila familia iliyopata fedha kidogo iliharakisha kuhama magogo au udongo na kujenga nyumba ya mbao nyembamba, yenye madirisha mapana na ghorofa ya juu. Nyumba hizo zilikuwa nzuri, zenye mwanga, na mama wa nyumba aliyekaa gizani miaka saba hakosi haki ya kutaka dirisha. Ila zilikuwa nyepesi, tena ndefu, na nyingi zilikaa tu juu ya misingi yao bila kufungwa nayo. Jumapili jioni ya tarehe 3 Juni 1860 kimbunga cha kuzunguka kiliufuta mji wa Camanche, kwenye ukingo wa Mto Mississippi mashariki mwa jimbo, na watu zaidi ya 100 walikufa katika dhoruba hiyo. Tarehe 17 Juni 1882 ikawa zamu ya Grinnell, mji wa chuo.

Baada ya misiba ya aina hiyo wakulima walianza kuchimba handaki karibu na mlango wa jikoni, wakaliezeka kwa udongo, wakaweka humo viazi na mitungi ya matunda wakati wote, na watoto wakati wa dhoruba. Vyumba vya chini ya nyumba, ambako leo mnaambiwa mkimbilie, ni jamaa wa mahandaki hayo.

Lakini waliingiaje kwa wakati bila onyo? Mara nyingi hawakuingia. Waliusoma uso wa mbingu upande wa magharibi, wakautazama utulivu wa ghafla, mifugo iliyokataa malisho, wingu lenye rangi ya kijani kibichi, na mara nyingi walichelewa. Serikali nayo, kuanzia miaka ya 1880, iliwakataza watabiri wake kulitumia neno tornado, yaani kimbunga cha kuzunguka, katika taarifa, kwa hofu kwamba watu wangetaharuki, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1938. Nikiri kwamba kila nikilisoma jambo hili hupandwa na hasira, kwa kuwa waliofichwa neno ndio waliokuwa wakilala katika nyumba za mbao.

Hata hivyo, ukiniuliza ni upepo gani uliowashinda zaidi, sitakutajia dhoruba. Dhoruba ilikuja, ikaua au ikasamehe, ikapita. Uliowachosha ni upepo wa kila siku. Ulikausha nguo na kuzipasua kwenye kamba, ulizima moto au uliupuliza hadi ukala paa, uliingiza vumbi katika unga na maziwa, na wakati wa baridi ulimaliza joto la nyumba haraka kuliko jiko lilivyoweza kulirudisha. Jiko lenyewe, katika sehemu zisizo na kuni, lilikula majani makavu yaliyosokotwa kama kamba, magunzi ya mahindi na kinyesi kikavu cha nyati, na mtu mmoja alilazimika kukaa karibu nalo akililisha kutwa. Magazeti ya mwisho wa karne ile yaliandika juu ya watu, hasa wanawake waliobaki peke yao shambani, waliorukwa na akili kwa upweke na uvumi usiokoma. Na theluji ikichanganyika na upepo, hata mita 50 kutoka mlangoni hadi zizini zilikuwa safari ya kufa, kwa hiyo walifunga kamba kati ya nyumba na zizi, mtu akaifuata kwa mkono. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida huko Nebraska na Dakota, watoto wakaenda shule bila makoti mazito, na mchana tufani ya theluji ikawakuta madarasani na njiani. Watu wapatao 235 walikufa, wengi wao wakiwa watoto.

Kwa hiyo neno "waliustahimili" katika swali lako ni kweli kwa baadhi tu. Wengi walipakia vyombo na kurudi mashariki, na sioni aibu yoyote kwao. Waliobaki walibaki kwa sababu jirani alikuja na nguzo siku ya pili kuinua tena ghala, na kwa sababu fedha yote ilikuwa imekwisha kuzikwa shambani.

Ningekosa kama nisingewataja waliokuwapo kabla yao. Wameskwaki walijenga nyumba zao za majira ya baridi kwa fito mbichi zilizochimbiwa ardhini na kupindwa juu zikakutana, kisha wakazivisha mikeka iliyoshonwa kwa matete ya kwenye vinamasi. Ilikuwa nyumba ya mviringo, fupi, isiyo na pembe wala ukuta wa kusukumwa, ndugu wa msonge wa kwetu, na upepo uliteleza juu yake. Kabla ya baridi waliingia kwenye mabonde yenye miti na kuuacha uwanda wazi kwa upepo wenyewe. Mwaka 1857, baada ya kufukuzwa, walirudi na kuinunua kwa fedha zao ardhi ya Tama, magharibi kidogo mwa mji wako, na wapo huko hadi leo. Walowezi waliyaona majengo hayo kwa macho yao, na wachache mno waliyaiga.

Kuhusu baraza lako, nisikuache bila neno. Endelea kuutazama upepo wingu linapokuwa mbali, maana huko ndiko uzuri wake uliko. Ukipuliziwa na ule ubaridi wa kwanza unaoinua vumbi, ujue mstari umefika, na baada ya hapo una dakika chache tu. Simu ikilia au king'ora kikipigwa, shukeni chini nyote na mkae mbali na madirisha. Mwanao ana haki ya kukugombeza, kwa sababu alikuwapo siku ile.

Na kama unataka kulionja zaidi hilo unalolifikiria, nenda West Branch, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka kwako. Serikali imehifadhi pale nyumba ndogo ya mbao ya mwaka 1871, futi 14 kwa 20, vyumba viwili tu, alimozaliwa Herbert Hoover, rais wa 31 wa Marekani, na nyuma yake wamerudisha ekari 81 za majani marefu ya asili katika jimbo ambalo limebakiwa na chini ya sehemu moja katika elfu ya nyika yake ya kwanza. Simama katikati ya majani hayo siku ya upepo, uone yanavyokwenda mbele yako kama Ziwa Tanganyika. Kisha, wakati wa kurudi, tazama mashamba ya kandokando ya barabara. Karibu kila nyumba ya zamani ina kichaka cha miti upande wake wa kaskazini na magharibi. Walowezi walikipanda kwa mkono, vijiti vya mipopla na mierebi walivyovileta kutoka mtoni, wakivinywesha kwa ndoo, wakijua kwamba vingechukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuwafaa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, usimame nyuma ya kichaka hicho, upande wa nyumba. Utausikia upepo ukinguruma kwenye matawi juu ya kichwa chako, na kanga yako haitatikisika.